Baisikeli Aliyefika

Harufu ilitoka kabla ya kitu chenyewe. Mama alikuwa amenikabidhi kopo la majani ya chai, lile lililokaa juu ya kabati la Baba miaka yote, akaniambia, "Hili ni lako, alisema upewe," kisha akarudi jikoni kwa wanawake waliokuja kutupa pole. Nilibandua kifuniko kwa ukucha. Katani kuukuu, mafuta ya mkia wa kondoo, vumbi la koti. Ndani mlikuwa na kamba moja tu, nyembamba, imejikunja kama mtoto aliyelala, na ilikuwa na mafundo mawili. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Baba. Kamba hiyo niliwahi kuiogopa kuliko fisi.

Ninyi mliokuwa watoto wakati wangu mnaikumbuka Isiolo ile. Lami iliishia kwetu. Baada ya kizuizi cha barabara ilianza changarawe, halafu mchanga, halafu siku nzima ya kutikiswa hadi Garbatulla, na baada ya Garbatulla palikuwa na Sericho, ambako sisi watoto tuliamini dunia iliachwa bila kumaliziwa. Malori ya ng'ombe yalipita mbele ya nyumba yetu Bula Pesa yakiacha samadi na vumbi, na mimi nilikaa kwenye kizingiti nikihesabu nani ameingia mjini na nani ametoka. Nilikuwa mtoto wa shaka. Nilihesabu viatu mlangoni nikajua mgeni ni wa aina gani. Nilihesabu vikombe vya chai nikajua mazungumzo yamechukua muda gani. Nikiambiwa nikacheze, nilijua kuna jambo.

Shaka hiyo ilikuwa na mzazi wake, naye ni Khadija, binti wa shangazi yangu. Khadija alikuwa na miaka kumi na minne alipopimwa kwa kamba. Fundi wa nguo mjini alikuwa mwanamume, na haikufaa amguse msichana, kwa hiyo mama yake alimsimamisha ukutani, akashusha kamba ya katani kutoka begani hadi kisigino, akafunga fundo juu na fundo chini, na kamba ndiyo iliyokwenda kwa fundi badala ya Khadija. Tuliichezea kamba ile. Tuliona ni jambo la kuchekesha, msichana kugeuka uzi. Gauni likarudi, jeupe, na kabla mwezi haujaisha Khadija akapandishwa kwenye lori la mtu wa Sericho akiwa amejifunika uso. Sikumwona tena kwa miaka mingi. Akilini mwangu mambo hayo matatu yalifuatana kama mabehewa: kamba, gauni, lori.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa moyo wangu ulivyofanya alasiri ile Mama aliponiita chumbani, akafunga pazia, akaniambia, "Simama wima, Sahra. Visigino ukutani. Vua ndara."

Mkononi alikuwa na kamba.

"Ya nini, Hooyo?"

"Ya baba yako. Tulia."

Baba mwenyewe alisimama nje ya mlango, ametupa mgongo, kama mtu anayengoja choo. Mama alishika ncha moja kiunoni pangu, palipo na mfupa, akashuka hadi sakafuni. Alifunga fundo juu, akafunga fundo chini. "Tayari," akasema, na mkono wa Baba ukaingia kupitia pazia, ukapokea, ukatoka. Sikumwona uso.

"Ni gauni?" niliuliza.

Mama alicheka kwa namna ambayo sikuipenda. "Muulize baba yako."

Lakini Baba hakuwa mtu wa kuulizwa. Alinunua mbuzi na ngamia akawapeleka Nairobi, na wafanyabiashara wa mifugo hawasemi wanakwenda kununua nini, maana neno likitangulia sokoni bei inapanda kabla hujafika. Tabia hiyo aliileta hadi nyumbani. Hata kilo ya sukari aliinunua kwa siri.

Na kulikuwa na jambo la Kiswahili chake. Baba alikuwa Msomali, mjukuu wa askari aliyeletwa na vita vya Waingereza, akamaliza vita na kuhesabiwa kuwa mtu wa Isiolo. Nyumbani alizungumza Kisomali. Nje, na Wameru, Waturkana na Waborana, alizungumza Kiswahili alichookota njiani, na katika Kiswahili hicho kila kitu kilikuwa mtu. Mvua alikuja. Lori alikataa kuwaka. Chai amepoa. Mama, aliyefika darasa la nne, hakuacha kumcheka. "Chai amepoa?" alisema. "Basi mpe blanketi." Mimi nilikuwa darasa la saba, na mwalimu wetu wa Kiswahili alitucharaza kwa ajili ya ngeli, kwa hiyo niliona aibu kila Baba alipofungua kinywa mbele ya wageni.

Siku mbili baada ya kupimwa, akaja Haji.

Haji alikuwa Mborana wa Garbatulla, mwenye ng'ombe wengi na lori lake mwenyewe, na ndevu alizozipaka hina zikawa rangi ya kutu. Kisomali chake kilikuwa kidogo na Kiborana cha Baba kilikuwa kidogo zaidi, kwa hiyo biashara yao ilifanyika kwa Kiswahili, ambacho hakuna kati yao aliyekijua. Walikaa sebuleni kwenye mkeka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, chini ya dirisha, nachambua mchele. Nilihesabu: jozi mbili za viatu, chai ya pili.

"Huyu yako amekuwa mkubwa sasa," Haji akasema.

Kijiko kikazunguka kwenye kikombe.

"Kwetu kuna nyumba mzuri," Haji akaendelea. "Ndugu yangu anataka yeye."

"Anataka yule mdogo?" Baba akauliza.

"Ehe. Huyo huyo."

"Chukua tu," Baba akasema, kwa sauti nyepesi, kama anayempa mtu kiberiti. "Hapa yeye hana kazi tena. Mimi akirudi safari, wewe kuja na lori, beba."

Sikungoja zaidi. Sinia lilianguka, mchele ukamwagika kwenye vumbi, na kuku wa jirani wakaufikia kabla yangu. Mama alikuwa akiingia sebuleni na birika la tatu. Alisikia sinia, akadhani ni paka.

Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Nilikuwa na kibaisikeli chekundu, kilichokuwa cha mtoto wa Mhindi mwenye duka kabla hawajahamia Meru, nacho kilikuwa kimenibana muda mrefu. Magoti yalinigonga kwenye usukani, niliendesha nikiwa nimeyatanua kama panzi, suruali chini ya gauni, na wavulana wa mtaani waliniimbia, "Panzi! Panzi wa Bula Pesa!" Mdogo wangu Jamaa alikuwa amekwisha kukitolea macho. Wiki hiyo nilimwona Baba kwa Mutwiri, fundi wa baisikeli karibu na soko, amechuchumaa kando ya baisikeli iliyopinduliwa, anapitisha kidole gumba juu ya meno ya gia vile alivyofanya na mdomo wa ngamia. Mutwiri alikuwa akizungusha gurudumu, na wote wawili walikuwa wamefumba macho wakisikiliza. Mtoto mwingine angefurahi. Mimi nilijiambia: anataka kumtengenezea Jamaa kile chekundu, kwa sababu mimi siendi nacho Garbatulla.

Mama akinitazama mara mbili, nilijua ananiaga. Akinipa nyama kubwa, nilijua ananinenepesha. Nilikuwa nimepanga kwenda sekondari. Ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kwenye njia ya miiba, na wasichana wa mtaa wetu waliofika huko walihesabika kwa mkono mmoja. Sikumwambia mtu kwamba nilipanga hivyo. Sasa nilidhani nimekawia.

Kamba ilikuwa kwenye mfuko wa koti la Baba, koti limening'inia kwenye msumari. Aliposwali alasiri msikitini, siku moja kabla ya safari, niliingia. Ilinuka mafuta ya kondoo. Alikuwa ameipaka isikatike. Wazo langu lilikuwa la mtoto, lakini lilikuwa na hesabu zake. Khadija alikuwa mrefu, nilimkumbuka shangazi akijisifu, "Mtazame, amekuwa mwanamke, kamba imekwisha." Basi kama kamba ya Khadija ilisema amekuwa mwanamke, yangu itasema mimi bado mtoto. Nililifungua fundo la juu kwa meno. Lilikuwa gumu, na mafuta yalinijaa mdomoni. Nilirudi nyuma vidole vinne, nikafunga upya, nikavuta hadi mikono ikauma. Nikairudisha. Baadaye nilikula chakula cha jioni nikiwa na ladha ya kondoo kwenye ulimi, na nikamtazama Baba machoni kwa mara ya kwanza tangu Haji aje.

"Wewe anatazama nini?" akaniuliza.

"Hakuna, Aabe."

"Hakuna ni nani?"

Jamaa akacheka. Mimi sikucheka.

Baba alikuwa safarini siku kumi na mbili. Kila lori lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilinikimbiza stoo. Nilikwisha kufunga mzigo: daftari mbili, sabuni, kanga ya Mama, na picha ya shule. Sikujua ningekimbilia wapi. Nilichojua ni kwamba Haji akija, hatanikuta nimekaa.

Ikawa mchana wa Jumamosi. Lori lilisimama, breki zikapumua, na sauti ya Baba ikaja kutoka barabarani, ya furaha, sauti ambayo hakuitumia hata Idi.

"Sahra! Toka nje! Yeye amefika!"

Nilikuwa stoo, kati ya gunia la mahindi na ukuta, mzigo kifuani. Yeye amefika. Niliona ndevu za rangi ya kutu. Niliona ndugu wa Haji, ambaye sikuwahi kumwona, nikampa jino la dhahabu na tumbo.

"Sahra! Yeye anangoja wewe!"

Jamaa ndiye aliyenitoa. Alinivuta mkono akiruka ruka, na kwa kuwa alikuwa mtoto na hakujua kuficha kitu, uso wake ulinifanya niinuke. Nilitoka na mzigo wangu. Barabarani kulikuwa na Baba, Mutwiri fundi aliyeitwa kushuhudia, Mama mlangoni, na majirani wa kawaida. Hapakuwa na mwanamume mwingine. Katikati yao, imeegemezwa kwenye gurudumu la lori, ilikuwa baisikeli.

Hatukuwahi kuona ya namna ile. Haikuwa ile nyeusi ndefu ya wauza maziwa. Ilikuwa ya kijani kibichi, mifupa minene, matairi mapana yenye meno kama ya trekta, na gia zilizopangwa nyuma kama sahani. Mutwiri alikuwa amepiga magoti mbele yake. "Hii ni ya mlima," alisema, akigonga fremu kwa kucha na kutega sikio. "Mwiba ukiingia tairi hili, mwiba wenyewe utachoka njiani. Mzee, umechagua. Aki umechagua."

Baba akaeleza, mikono ikiruka. Nanyuki kulikuwa na Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, anauza vyombo vyake. Walikuwapo baisikeli wawili, ndugu, mkubwa na mdogo, rangi moja, baba mmoja mama mmoja. Baba alikagua meno. Aliinua mmoja mmoja kwa mkono kupima uzito. Alifumba macho akazungusha magurudumu. Halafu, kwa vile hakutaka macho yamdanganye, akatoa kamba. "Mkubwa, kamba akakataa. Mdogo, kamba akakubali. Sawa sawa, kama viatu! Panda, panda."

Nilipanda. Nilijua kabla makalio hayajagusa kiti. Magoti yalikuja juu, yakagonga usukani, yakatanuka yenyewe kwa mazoea.

"Panzi!" mvulana mmoja akapiga kelele.

Uso wa Baba sitausahau. Haukukasirika mara moja. Ulizunguka kwanza, ukitafuta mahali pa kukaa. Akamgeukia Mutwiri. "Wewe alisema kamba hasemi uongo!"

"Kamba yangu haina shida, mzee," Mutwiri akajibu, ameinuka, amechomwa. "Mimi nilikwambia kiunoni mpaka chini, kisha utoe kiasi. Uliza aliyepima."

"Mimi nilipima vizuri," Mama akasema kutoka mlangoni, na hapo hakuwa akicheka.

"Labda mtoto amerefuka kwa siku hizi chache," jirani mmoja akasema.

"Labda fundi amekula hongo ya Mzungu," akasema mwingine, na watu wakaguna. Mutwiri alikuwa Mmeru katika mtaa wetu, na maguno ya namna hiyo yangeweza kumfungia kibanda. Akaanza kukusanya spana zake.

Baba hakuwasikia. Alikuwa ametoa kamba mfukoni, na kidole gumba kilikuwa kikitembea juu yake taratibu, kwa namna ile ya meno. Kikapita fundo. Kikaendelea. Vidole vinne mbele kikasimama. Kamba ya katani ikikaa na fundo hujikunja pale milele. Hata ukiifungua, inabaki na kigoti. Alikigusa kigoti kile mara mbili. Kisha akainua kichwa, akatazama mzigo niliokuwa bado nimeukumbatia, kona ya daftari imechungulia kwenye kanga.

"Mimi alifunga vibaya," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Njiani fundo alifunguka, mimi akarudisha vibaya. Mutwiri hana kosa. Nyinyi enda nyumbani."

Wangeondoka, na jambo lingekwisha hapo. Lakini Mutwiri alinitazama, ameshika spana, na nikajua kwamba hata yeye hakuamini. Kwamba kesho sokoni bado wataguna.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifungua mimi. Kwa meno."

"Kwa nini?" Baba akauliza.

"Nilitaka niwe mfupi." Na hapo kilio kikaja. "Nilidhani ni gauni. Kama Khadija. Ulimwambia Haji anichukue. Nilisikia. Ulisema yeye hana kazi hapa, beba."

Baba aliketi kwenye kikanyagio cha lori.

"Mimi alisema baisikeli," akasema. "Yule mdogo. Mwekundu."

"Baisikeli si yeye, Aabe!" nikamfokea mbele ya watu wote, kamasi zikinitoka, mwanafunzi bora wa ngeli Bula Pesa. "Baisikeli ni *hiyo*! Ulipaswa kusema *hiyo*!"

Mutwiri ndiye aliyeanza kucheka, kidogo, puani. Halafu Mama. Halafu hata yule mvulana wa panzi. Baba hakucheka. Aliniangalia kwa muda mrefu, akaitia kamba mfukoni, akasema kwa upole, "Sawa. Hiyo. Kesho Mutwiri atatengeneza hiyo."

Mutwiri alitafuta bomba la maji la chuma, akalikata, akaliunga chini ya kiti, akageuza usukani ukatazama juu. Baisikeli ilipata shingo ndefu na mwili mfupi, na mji mzima ukaiita Twiga. Sikuona aibu. Nilimwendesha Twiga kwenda sekondari ng'ambo ya mto miaka minne, kwenye mchanga na miiba. Mwiba ulichoka njiani, kama Mutwiri alivyosema.

Kulibaki jambo moja ambalo nilishindwa kulielewa. Haji alipokuja na lori lake, wiki iliyofuata, Baba alimtolea kile kibaisikeli chekundu. Jamaa alilia hadi akatapika. Alikuwa amekwisha kukiita chake. Baba, ambaye hakuwahi kumnyima mtoto kitu kwa ajili ya mtu wa nje, alikataa. "Mimi alishatoa neno," alisema. Na Haji alikipokea kwa mikono miwili akiwa amekunja uso, hakushukuru, hakuketi kunywa chai. Nikadhani amechukizwa na kutu.

Sasa, na kopo mapajani, nilimwita Mama chumbani nikamuuliza. Alikaa kando yangu, akaichukua kamba, akainusa.

"Kwani wewe uliamini Haji alitoka Garbatulla kuulizia baisikeli ya mtoto?"

Nilikiweka kopo kitandani, naye akaendelea.

"Nilikuwa naingia na birika. Haji alitaka kusimama kwa hasira. Akasema, 'Mimi nasema msichana.' Baba yako akamtazama kama mtu asiyejua lugha. 'Msichana? Wewe alisema yeye, mdogo, amekuwa mkubwa. Hapa kwangu huyo ni baisikeli. Na mimi ameshasema chukua.' Haji angefanya nini? Agombane na Kiswahili?"

"Lakini Baba hakujua ngeli."

"Alizijua alipozitaka." Mama alilaza kamba kwenye kiganja changu. "Ile ya Nanyuki alikuwa ameshaipanga, ya shule yako. Nilikupima siku mbili kabla. Haji alichelewa."

"Mbona hakuniambia? Siku ile, mbele ya watu?"

"Mbele ya watu? Haji angebaki na uso gani? Na wewe ungelala, ukijua kwamba kweli walikutaka?"

Akaenda. Nilibaki na kamba. Fundo langu lilikuwa pale pale nilipolifunga, na vidole vinne mbele yake palikuwa na kigoti; Baba hakuwahi kulirudisha. Sikulifungua. Niliona tu, kwa uwazi ambao sikuwa nao nilipokuwa nimekaa kwenye kizingiti nikihesabu viatu, tajiri wa Garbatulla akipanda lori lake mwenyewe mchana wa jua kali, ndevu zake za hina zimejaa vumbi, amepakata kibaisikeli chekundu ambacho hakukiomba, na Baba yuko kando ya barabara anampungia mkono kwa adabu zote. "Yeye afike salama!" alikuwa akipaza sauti. "Yeye afike salama!"